Moyo Ulioachwa Mtini: Uhakiki wa Picha za Wasafiri za Mbega na Tumbili baina ya Kampala na Entebbe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki picha ambazo wasafiri huwapiga mbega, tumbili na jamaa zao katika eneo la Kampala, Entebbe na msitu wa Mabira. Picha inasomwa kama matini yenye sehemu tatu: kilichomo ndani ya fremu, kilichoachwa nje ya fremu, na maneno yaliyoandikwa chini yake. Hoja ya msingi ni kwamba upungufu mkubwa wa picha hizi umo katika maneno kuliko katika ufundi wa kamera. Mnyama mwenye jina, ukoo wa watu unaomheshimu na mahali anapoishi huandikwa kwa neno moja la jumla, na kwa neno hilo uhusiano wake na wenyeji hufutwa. Kwa kurejelea ngano ya kima na papa, methali za Kiswahili na mfumo wa miziro ya Buganda, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuziba pengo hilo, kwa sharti kwamba nacho kisikitendee Kiluganda kosa lilelile.

1. Utangulizi

Msafiri aendaye Kampala kwa ndege hushukia Entebbe, mji ulio kando ya ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale, yapata kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Karibu na kiwanja cha ndege ipo Bustani ya Mimea ya Entebbe, na juu ya miti yake mikubwa huonekana mbega weusi wenye mabega na mikia meupe. Chini, penye nyasi, hutembea tumbili. Kwa wageni wengi, mnyamapori wa kwanza kumpiga picha nchini Uganda, au wa mwisho kabla ya kuondoka, ni mmoja wa hao.

Picha hizo zimekuwa utanzu wenye kanuni zake. Mbega huonyeshwa ameketi kwenye tawi, uso umeelekezwa kwa mtazamaji, na mandharinyuma ni ukungu wa kijani. Tumbili huonyeshwa akila, akimnyonyesha mtoto, au akinyoosha mkono kupokea ndizi. Chini ya picha huandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya kima, na pengine jina la nchi. Kwa kuwa kanuni hizi hurudiwarudiwa, zinastahili kuhakikiwa kama zinavyohakikiwa kanuni za utanzu wowote: zinasema nini, zinanyamazia nini, na ukimya huo unamgharimu nani?

2. Fremu na Bustani

Jambo la kwanza linaloachwa nje ya fremu ni bustani yenyewe. Bustani ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 chini ya utawala wa Waingereza, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte. Ilikusudiwa kuwa mahali pa kujaribia mimea ya kigeni, ya mapambo na ya biashara, ili ijulikane ni ipi itakayostawi katika koloni jipya. Miti mingi inayoonekana katika picha ilipandwa kwa mkono wa binadamu na kwa hesabu ya mapato. Hata hivyo, mtazamaji aliye mbali huisoma picha kama ushahidi wa msitu usioguswa. Usomaji huo husaidiwa na simulizi ambayo wageni husimuliwa bustanini, kwamba filamu za Tarzan za miaka ya 1940 zilipigwa humo. Simulizi hiyo humtayarisha mgeni kuona pori la sinema kabla hajainua kamera.

Kamera nayo hushiriki katika ufutaji huo. Lenzi ndefu, kama ile ya milimita 400, humvuta mnyama aliye juu mtini hadi aonekane yu hatua mbili tu kutoka kwa mpigaji. Tundu la lenzi likifunguliwa sana, kila kilicho nyuma ya mnyama hugeuka ukungu: njia ya lami, benchi, ukuta, familia iliyokuja kupunga upepo siku ya Jumapili. Ufundi huu una uhalali wake, kwani bila lenzi ndefu mpigaji angelazimika kumsogelea na kumsumbua mnyama. Lakini matokeo yake ya kimaana ni kwamba mbega huonekana hana jirani.

Mbega pia ni mtihani wa mwanga. Kipima mwanga cha kamera hukadiria kana kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mnyama mwenye manyoya meusi tititi na meupe pepe hukivuruga kipimo hicho: mwanga ukiongezwa, weupe wa mabega huungua na kukosa nyuzi, ukipunguzwa, mwili hugeuka shimo jeusi. Mpigaji hulazimika kuchagua anachokubali kukipoteza, na wengi huchagua kuokoa weupe kwa kuwa ndio unaopendeza. Hivyo uso mweusi wa mnyama, ambao ndio ungebeba nafsi yake, mara nyingi hupotea gizani na kubaki pambo. Si jambo geni. Mwishoni mwa karne ya 19 ngozi za mbega zilisafirishwa hadi Ulaya kupamba mavazi, na kilichothaminiwa kilikuwa weupe na weusi uleule.

3. Anayetazamwa Hutazama

Katika kitabu chake On Photography cha mwaka 1977, Susan Sontag alilinganisha kamera na bunduki, na akaitaja Afrika Mashariki kuwa mahali ambapo safari za picha zilikuwa zikichukua nafasi ya safari za uwindaji. Mlinganisho huo una nguvu, lakini usichukuliwe kwamba silaha hizo mbili ni sawa. Mbega aliyepigwa picha hurudi kula majani. Mbega aliyepigwa risasi huwa ngozi. Mhakiki anayesahau tofauti hiyo huwadhulumu wapigaji picha.

Hoja ya John Berger katika insha yake "Why Look at Animals?", iliyoingia katika kitabu About Looking cha mwaka 1980, inagusa zaidi mada hii. Kwa maoni yake, katika ulimwengu wa kisasa mnyama amekuwa mtazamwa daima, na ukweli kwamba naye hututazama umepoteza uzito. Berger alizungumzia hasa jamii za viwanda za Ulaya. Je, hoja hiyo inakubalika katika mazingira ya tumbili wa Afrika Mashariki?

Utafiti uliofanywa Amboseli, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1980 na Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler unatoa jibu la kuvutia. Watafiti hao walirekodi milio ya tahadhari ya tumbili na kuwachezea tena wanyama wenyewe. Walipousikia mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Waliposikia ule wa tai, walitazama juu au kujificha vichakani. Waliposikia ule wa nyoka, walisimama na kuchungulia nyasini. Maana yake ni kwamba tumbili huwatofautisha wanaomjia na hutoa mlio tofauti kwa kila hatari. Kinaya kilichopo hakihitaji kutiwa chumvi: mnyama anayebainisha aina za wanaomwinda hupigwa picha na msafiri asiyebainisha hata aina ya mnyama aliye mbele yake.

Fasihi simulizi ya Kiswahili haikungoja utafiti huo ili impe kima macho na akili. Katika mkusanyiko wa ngano uliochapishwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870, imo ngano ya punda wa dobi, ambayo ndani yake kuna kisa cha kima na papa. Kisa hiki kina undugu na hadithi za kale za Bara Hindi zilizopitia lugha ya Kiarabu. Kima amekaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, naye humrushia papa matunda hadi wakawa marafiki. Papa anamwalika kima kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya safari anamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba laiti angejua mapema, kwa kuwa kima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Papa anarudi pwani, kima anapanda juu, na urafiki unakwisha.

Kisa hiki kinaweza kusomwa kama nadharia ya picha ya msafiri. Mahusiano yanaanza kwa chakula kinachorushwa, ingawa bustanini anayerusha ni mgeni na anayepokea ni tumbili. Yanaendelea kwa safari, na mwisho mmoja anataka kuchukua kilicho ndani ya mwenzake. Msafiri huondoka na sura. Moyo, yaani mahali, jina na jirani vinavyompa mnyama maana, umebaki mtini. Tofauti ni kwamba papa wa ngano alijua kuwa hajaupata, ilhali mtazamaji wa picha hudhani anao wote.

4. Jina na Muziro

Kiswahili hakina neno moja tu kwa wanyama hawa. Nyani ni yule mkubwa atembeaye ardhini kwa makundi, mwenye pua ndefu kama ya mbwa. Tumbili ni mdogo, mwenye uso mweusi na manyoya ya kijivu. Mbega ni mweusi mwenye manyoya marefu meupe. Kima hutumika kwa jamii ya kima wa msituni, na pia kwa maana ya jumla. Huko Unguja yupo kima punju wa msitu wa Jozani, ambaye hapatikani kwingine duniani nje ya Zanzibar. Majina haya yana mipaka inayotofautiana kati ya lahaja na lahaja, lakini kila moja limetokana na watu waliotazama kwa makini kwa sababu walikuwa na haja ya kutofautisha.

Jina la kitaalamu la mbega, Colobus, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kiumbe aliyekatwa kiungo, kwa kuwa mbega hana kidole gumba kinachoonekana sawasawa. Mwanasayansi alimtazama akaona kilema. Waganda walimtazama mnyama huyohuyo, wanayemwita ngeye, wakampa nafasi miongoni mwa miziro ya koo zao. Watu wa ukoo wa Ngeye hawamli wala hawamdhuru. Vivyo hivyo kwa ukoo wa Nkima, ambao mkuu wake, mwenye cheo cha Mugema, ana nafasi ya heshima katika taratibu za kumtawaza Kabaka. Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kuona ukaribu wa nkima na kima, wala ukaribu wa sauti na maana kati ya muziro na mzio, yaani kitu ambacho mtu amekatazwa kukila.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri Kasubi, katika mojawapo ya vilima vya Kampala. Jengo kuu la makaburi ya Makabaka, Muzibu Azaala Mpanga, lilianza kama ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1882 na kugeuka kaburi lake mwaka 1884. UNESCO iliitia Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Moto uliliteketeza jengo hilo mwezi Machi 2010. Na baada ya kujengwa upya, mahali hapo paliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kazi ya kuezeka paa lake la nyasi kwa desturi ni ya ukoo wa Ngeye.

Kwa hiyo msafiri anaweza kumpiga picha mbega Entebbe asubuhi, kisha alasiri akapiga picha paa la Kasubi, asijue kwamba mikono iliyoliezeka paa hilo ni ya watu wenye jina la mnyama wa asubuhi. Picha hizo mbili zitakaa katika mkusanyo mmoja, ya kwanza chini ya kichwa cha wanyama na ya pili chini ya kichwa cha utamaduni. Mgawanyo huo haukuletwa na kamera. Umeletwa na maneno yaliyotumiwa kuzipanga.

5. Mabira: Jina na Hatima ya Mahali

Msitu wa Mabira uko kati ya Kampala na Jinja, na barabara kuu inaukata. Humo huishi kima wa aina kadhaa, akiwamo mangabei wa Uganda. Mwaka 2007 mtaalamu Colin Groves alichapisha hoja kwamba mangabei huyu ni spishi inayojitegemea, Lophocebus ugandae, mwenyeji wa nchi hii. Mwaka huohuo mpango wa kutoa takriban robo ya msitu huo, yapata hekta 7,100, kwa ajili ya kilimo cha miwa ulizua maandamano makubwa mjini Kampala mwezi Aprili, na watu walipoteza maisha. Baadaye mpango huo ulisitishwa.

Matukio haya mawili hayakusababishana, lakini yakisomwa pamoja yanafundisha jambo kuhusu picha. Picha ya mangabei iliyoandikwa neno la jumla humwambia mtazamaji kwamba mnyama kama huyu anaweza kupatikana popote. Iliyoandikwa jina lake na jina la msitu humwambia kwamba akikosa mahali hapa, ana mahali pachache pengine pa kwenda. Methali husema kwamba siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Aliyeitunga alichukulia kuwa miti itakuwepo daima, na kwamba kitakachobadilika ni bahati ya nyani. Mabira imeigeuza methali hiyo: kilichotiwa shakani ni miti yenyewe, nayo haiwezi kuonekana katika picha iliyojaa uso wa mnyama mmoja.

6. Umbali na Gharama

Suala la umbali lina upande wa maadili na upande wa afya. Kando ya barabara ya Kampala na Entebbe uko msitu mdogo wa Ziika. Humo watafiti wa homa ya manjano waliweka kima wa Asia wa jamii ya resusi katika vizimba juu ya majukwaa mitini, ili wang'atwe na mbu na kuonyesha ni virusi gani vilivyopo. Mwaka 1947 kima mmoja aliugua, na kutoka katika damu yake vikapatikana virusi vilivyoitwa Zika. Hapa palikuwa na utazamaji wa namna nyingine kabisa: mnyama mgeni aliwekwa mtini atazamwe kwa niaba ya binadamu. Tukio hilo linakumbusha kwamba miili ya kima na ya binadamu ni ya jirani sana, kiasi kwamba maradhi yanaweza kuvuka upande wowote.

Ndiyo sababu mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na wataalamu wa nyani na jamaa zao katika shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, unashauri dhidi ya kusambaza picha zinazoonyesha binadamu amemshika, anamlisha au yuko karibu mno na mnyama wa jamii hii, na unataja umbali wa angalau mita 7. Tafiti kuhusu picha za sokwe mtu zimeonyesha kwamba mtazamaji akimwona mnyama kando ya binadamu huelekea kudhani kwamba spishi hiyo haimo hatarini. Basi ile picha ya tumbili akipokea ndizi, inayodhaniwa kuonyesha upendo, hufanya kazi iliyo kinyume na upendo.

Gharama yake haimwangukii mpigaji. Tumbili aliyefundishwa kwamba mkono wa binadamu una chakula hatatofautisha mkono wa mtalii na kikapu cha muuza matunda, wala bustani ya umma na shamba la mtu. Hapo ndipo methali isemayo kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua inapopata maana mpya. Kwa kawaida inamwonya mkulima asilegeze ulinzi. Katika hali ya utalii, anayecheka na anayevuna mabua ni watu wawili tofauti: mmoja ameshapanda ndege, mwingine anaamka na kukuta mahindi yamekwisha. Picha inayofuta shamba nje ya fremu inafuta pia deni hilo.

7. Kiswahili na Maelezo ya Picha

Kutokana na hoja hizi ingeonekana rahisi kupendekeza kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya Kiingereza chini ya picha. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini historia inaonya. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi Uganda, upinzani mkali ulitoka Buganda, ukiwamo ule wa Kabaka Daudi Chwa. Hofu iliyokuwapo ilikuwa kwamba lugha iliyoletwa na utawala ingeisukuma kando lugha ya mahali.

Hofu hiyo ina nafasi katika mjadala wa picha. Mhariri akifuta neno la Kiingereza na kuandika "mbega" peke yake, amemsogeza mnyama hatua moja tu kuelekea nyumbani. Ngeye bado amebaki nje. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe: Kiswahili kinaweza kukilaumu Kiingereza kwa kufuta majina, huku chenyewe kikifuta majina ya majirani zake.

Njia bora ni maelezo yanayoweka majina pamoja na kutaja mahali na namna picha ilivyopatikana. Kwa mfano: "Mbega, kwa Kiluganda ngeye, juu ya mti wa Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898. Amepigwa kutoka ardhini kwa lenzi ndefu, hakulishwa." Maneno haya hayazidi mistari mitatu. Hata hivyo yanamrudishia mnyama jina, yanaitaja bustani kuwa bustani, yanafichua kwamba ukaribu ni wa lenzi, na yanamwonyesha msomaji Mganda kwamba kuna anayejua kuwa jina hilo ni la watu pia. Waongozaji watalii, ambao mara nyingi huyajua majina yote mawili, ndio wangeweza kuwa waandishi wa kwanza wa maelezo hayo, nayo mitaala ya Kiswahili katika vyuo vya utalii ingeweza kuyafanya zoezi la darasani.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba picha ya msafiri ya mbega au tumbili hupoteza mambo matatu: bustani au msitu ulio nyuma ya mnyama, mtazamo wa mnyama mwenyewe, na jina linalomfunga na watu. La kwanza hupotezwa kwa lenzi, la pili kwa mazoea, la tatu kwa maelezo. Kati ya hayo, la tatu ndilo lililo mikononi mwa wataalamu wa lugha, na kulirekebisha hakuhitaji kamera mpya. Papa alirudi pwani mikono mitupu kwa sababu hakujua moyo wa kima hukaa wapi. Wanaofundisha Kiswahili Kampala wanajua, na wanaweza kuliandika.